Tundu la Milimita 180: Historia Fupi ya Redio ya Gari Hadi Skrini ya Kugusa

Leo tuweke kando mambo ya kuandika programu, ama tuseme tuyatazame kupitia dirisha jingine. Nataka tuzungumze kuhusu redio ya gari. Inakuwaje fundi wa Nairobi ang'oe redio iliyokuja na gari kutoka Japani, apachike skrini ya kugusa iliyotoka Uchina, na vitu hivyo viwili ambavyo havijawahi kukutana vielewane? Jibu limo katika historia, na historia hiyo inamhusu kila mwenye gari.

MWANZO WAKE

Mwaka wa 1930 huko Marekani, ndugu wawili, Paul na Joseph Galvin, walitoa redio ya gari waliyoipa jina Motorola. Paul aliifunga kwenye Studebaker yake akaendesha hadi Atlantic City kuwaonyesha wafanyabiashara wa redio. Bei yake ilikuwa kati ya dola 110 na 130, pesa nyingi sana wakati huo. Redio hizo zilitumia vali za kioo, zilikuwa kubwa na zilikula betri. Mwaka wa 1955 Chrysler ilianza kuuza redio ya transista tupu, bila vali hata moja. Hapo ndipo redio ikawa ndogo na ikatulia ndani ya dashibodi.

Mengine mnayajua. Philips ilileta kaseti mwaka wa 1963, na mwaka wa 1984 Pioneer ikauza mtambo wa CD wa kufungwa kwenye gari.

TUNDU LILILOBADILISHA MAMBO

Kwangu mimi, jambo kubwa kuliko yote hayo si mtambo wowote. Ni tundu.

Zamani kila kampuni ilikata dashibodi yake ilivyotaka. Kisha taasisi ya viwango ya Ujerumani, DIN, ikaweka kipimo kimoja: uso wa redio uwe na upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 50. Mwaka wa 1984 kipimo hicho kikawa kiwango cha kimataifa, ISO 7736. Wajapani nao wakapendelea tundu la kimo maradufu, milimita 180 kwa 100, ndilo mafundi wetu wanaliita dabo-din. Toyota nyingi za Japani zina upana wa milimita 200, ndiyo maana ukibadilisha redio unabaki na pengo la milimita 10 kila upande, na fundi anakuuzia vipande vya plastiki vya kuliziba.

Nyaya pia zilipata utaratibu wake. Kwenye redio nyingi za dukani, njano ni umeme wa betri usiokatika, nyekundu ni umeme unaokuja ukizungusha ufunguo, nyeusi ni ya bodi. Ukikuta redio inasahau stesheni kila ukizima gari, anza kwa kuangalia kama njano na nyekundu zimebadilishana.

Sisi waandishi wa programu tuna neno la kitu kama hiki: kiolesura. Ukikubaliana na mwenzako juu ya umbo na waya, kila mmoja anaweza kubadilisha kilicho ndani bila kumwomba mwingine ruhusa.

SHIDA YETU YA MASAFA

Hapa Kenya tulikuwa na sababu yetu ya kubadilisha redio. Japani ilitenga FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, na baadaye ikaongeza hadi 95. Yetu inaanzia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo gari linafika Mombasa likiwa na redio nzuri kabisa isiyofikia sehemu kubwa ya stesheni zetu.

Dawa ya bei nafuu ni kijisanduku kinachofungwa kwenye waya wa antena ili kushusha masafa. Kikitoa 14, Capital FM ya 98.4 unaipata kwenye 84.4. Lakini fanya hesabu: 90 ukiongeza 14 ni 104. Stesheni za juu ya hapo hazifikiki. Ukinunua cha kutoa 20, unapoteza zilizo chini ya 96. Hakuna ujanja unaoshinda redio iliyotengenezwa kwa masafa yetu.

SKRINI INAINGIA

Skrini ya kugusa si jambo la juzi. Buick Riviera ya mwaka wa 1986 ilikuwa nayo, ya kioo kinene kama cha televisheni za zamani. Mwaka wa 1990 Pioneer iliuza Japani mtambo wa ramani uliotumia setilaiti za GPS. Mwaka wa 2014 Apple ilitangaza CarPlay na Google ikatangaza Android Auto, na skrini ya gari ikawa kioo cha rununu yako.

Lakini mwaka huo huo wa 1986 lilizaliwa jambo jingine kimya kimya. Bosch ilitambulisha CAN, njia ya kuunganisha tarakilishi ndogo ndogo za gari kwa waya mbili tu. Polepole redio ikaunganishwa na vitufe vya usukani, kamera ya nyuma, hata kipoza hewa. Mwaka wa 2015 watafiti Charlie Miller na Chris Valasek waliingia kwenye Jeep Cherokee wakiwa mbali, kupitia redio yake, wakaweza kuizima ikiwa barabarani. Magari milioni 1.4 yaliitwa kurekebishwa.

TUNAPOTEZA NINI?

Magari mengi ya siku hizi hayana tena tundu la milimita 180. Skrini ni kipande kimoja na dashibodi, na ukiing'oa unang'oa pia vidhibiti vya gari. Mwaka wa 2023 General Motors ilitangaza kwamba inaondoa CarPlay na Android Auto kwenye magari yake mapya ya umeme.

Tufikirie basi. Sheria yetu inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8, na sisi tunalitumia miaka mingine 15 ama 20. Tayari kuna redio za Kijapani zenye ramani ambazo betri ikitolewa tu zinajifunga na kudai namba ya siri, maandishi yote Kijapani. Mwenye gari analipa mtu amfungulie kitu alichokwisha kukinunua. Zidisha shida hiyo kwa gari zima.

Mtakaonunua gari, msiangalie injini na rangi peke yake. Washeni redio, halafu muulize: hii ikifa, inaweza kutolewa? Gari ambalo jibu lake ni ndiyo lina miaka mingi zaidi mbele yake, na mafundi wetu wataendelea kulipatia kazi mikono yao.

Haya, tuonane wiki ijayo.