Safari ya ndege Tromsø – Longyearbyen

Safari ya ndege Tromsø – Longyearbyen ni njia ya anga inayounganisha Norwei bara na funguvisiwa la Svalbard katika Bahari ya Aktiki. Umbali wake ni takriban km 960, na ndege ya abiria hutumia saa 1 na dakika 40 hivi.

Viwanja

Uwanja wa Tromsø (kifupi: TOS) uko kwenye kisiwa cha Tromsøya, latitudo 69.7° kaskazini. Ulifunguliwa mwaka 1964.

Uwanja wa Svalbard (kifupi: LYR) uko latitudo 78.2° kaskazini, karibu na mji wa Longyearbyen. Ulifunguliwa mwaka 1975. Ni uwanja wa kaskazini kabisa duniani wenye safari za kawaida za abiria wa umma. Njia yake ya kurukia imejengwa juu ya ardhi iliyoganda mwaka mzima. Ardhi hiyo ikiyeyuka, lami hutitia, hivyo hutengenezwa mara kwa mara.

Umbali

Tofauti ya latitudo kati ya viwanja hivi ni nyuzi 8.6 hivi. Kila nyuzi moja ya latitudo ni takriban km 111, kwa hiyo sehemu kubwa ya umbali hupatikana kwa kuzidisha namba hizo mbili. Tofauti ya longitudo haiongezi sana, kwa sababu mistari ya longitudo hukaribiana kuelekea ncha ya kaskazini. Kwenye ikweta nyuzi moja ya longitudo ni km 111, lakini Longyearbyen ni km 23 tu. Ramani nyingi za ukutani hazionyeshi jambo hili, na hufanya umbali wa kaskazini uonekane mkubwa kuliko ulivyo.

Muda

Ndege inayokwenda km 800 kwa saa ingemaliza umbali huu kwa saa 1 na dakika 12. Muda halisi huwa mrefu zaidi kwa sababu ya kutembea uwanjani, kupaa, kushuka na upepo. Saa ya Svalbard ni sawa na ya Norwei bara, kwa hiyo msafiri habadilishi saa yake. Hata hivyo pasipoti hukaguliwa, kwa kuwa Svalbard haimo katika eneo la Schengen.

Svalbard haina uwanja mwingine unaofaa kwa ndege kubwa za abiria. Ukungu au dhoruba ikizuia kutua, ndege hulazimika kurudi bara, na mafuta hupangwa kwa kuzingatia hilo.

Umuhimu

Kabla ya mwaka 1975 barafu ya bahari ilizuia meli kwa miezi mingi, na wakazi wa Longyearbyen, wengi wao wachimba makaa ya mawe, walikuwa karibu kutengwa kabisa wakati wa baridi. Ndege chache zilitua kwenye ardhi iliyoganda ya bonde la Adventdalen.

Leo hospitali ya Longyearbyen ni ndogo. Wagonjwa mahututi husafirishwa kwa ndege hadi hospitali ya chuo kikuu mjini Tromsø, na wajawazito huenda bara kabla ya siku za kujifungua. Meli ya mwendo wa km 25 kwa saa ingechukua zaidi ya siku moja na nusu kufika huko.