Gamba Linalokumbuka Ziwa

(MUZIKI WA KUFUNGUA, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Leo tuko Turkana, kaskazini mwa Kenya, kaunti ambayo ndani yake imo kambi ya Kakuma. Ukitembea mbali na Ziwa Turkana, kwenye mchanga mkavu kabisa, unaweza kuokota magamba ya konokono wa majini na ya chaza. Yamefikaje huko?

MSIMULIZI: Hakuna aliyeyabeba. Ziwa lenyewe lilifika hapo. Kati ya miaka 15,000 na 5,000 hivi iliyopita, mvua zilikuwa nyingi kuliko sasa. Kuna wakati maji yalipanda karibu mita 100 juu ya usawa wa leo, yakafurika kupitia tambarare ya Lotikipi na kuelekea Mto Nile.

MTANGAZAJI: Wataalamu wamejuaje?

MSIMULIZI: Gamba ni shahidi. Maji yana oksijeni, na oksijeni hiyo ina aina mbili hasa: nyepesi, namba 16, na nzito, namba 18. Jua likiwaka, maji yenye oksijeni nyepesi hugeuka mvuke upesi zaidi. Yenye nzito hubaki nyuma. Ni kama mchuzi ulioachwa motoni: maji yanapungua, chumvi inazidi.

Leo Ziwa Turkana halina mto unaotoka. Maji mengi huingia kwa Mto Omo kutoka Ethiopia, kisha huondoka kwa mvuke tu. Kwa hiyo oksijeni nzito hujikusanya. Zamani ziwa lilipofurika, maji yalikuwa yakibadilishwa, na oksijeni nzito ikawa kidogo. Konokono hujenga gamba lake kwa maji anamoishi, tabaka juu ya tabaka. Mtaalamu husaga chembe ya gamba, hupima oksijeni zake, na umri wake huupata kwa kupima kaboni.

MTANGAZAJI: Na watu je, ziwa lilipokauka?

MSIMULIZI: Hapo ndipo historia inapotugusa. Ukanda wa pwani ulisogea, wavuvi wakapoteza maeneo yao. Wakati huohuo wafugaji waliingia na ng'ombe, mbuzi na kondoo. Katika kipindi hicho, miaka 5,000 hivi iliyopita, watu walijenga makaburi ya pamoja huko Lothagam, magharibi mwa ziwa, na kuyawekea nguzo za mawe. Wataalamu wanakadiria kuwa watu wasiopungua 580 walizikwa humo: wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake, zikiwemo shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Halikuonekana kaburi la mkubwa lililotengwa na la mdogo.

MTANGAZAJI: Nchi ilikuwa inabadilika chini ya miguu yao, lakini hawakuacha kuzikana kwa heshima.

MSIMULIZI: Ndivyo mawe yanavyosema.

MTANGAZAJI: Swali la kujadili kwenye kundi lenu la kusikiliza: kule ulikotoka, wazee walisimulia nini kuhusu ziwa au mto uliohama? Waulizeni wangali nasi. Kwaheri hadi kipindi kijacho.

(MUZIKI WA KUFUNGA)