Nusu Milimita ya Datsun

Mwaka 1953, waandaaji wa Safari ya kwanza hawakutaka kujua injini ya gari ina ukubwa gani. Walitaka kujua gari linauzwa bei gani.

Mbio hizo ziliitwa East African Coronation Safari, kwa heshima ya Malkia Elizabeth wa Pili aliyekuwa atawazwe London tarehe 2 Juni. Magari yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kuanzia tarehe 27 Mei hadi tarehe 1 Juni. Chanzo chake husimuliwa hivi: Eric Cecil alimwalika binamu yake, Neil Vincent, wakashindane kwenye uwanja wa Langa Langa, na Vincent akakataa katakata. Kuzunguka kipande kilekile cha barabara hakukuwa na ladha kwake. Lakini zikiwapo mbio za kuingia garini, kufunga mlango, kuikata nusu ya Afrika na kurudi, hapo yumo. Cecil na wenzake wakaziandaa.

Magari yaligawanywa madaraja manne kwa bei ya dukani, na sharti lilikuwa gari liwe jinsi lilivyouzwa. Mshindi wa jumla hakuwapo. Kila daraja lilikuwa na wake. Volkswagen ya dereva Alan Dix haikupimwa dhidi ya gari la tajiri. Ilipimwa dhidi ya magari ambayo mtu mwenye pesa za Volkswagen angeweza kuyanunua. Mkulima wa Nakuru au mwenye duka wa Kampala aliposoma matokeo alipata jibu la swali lake mwenyewe: kwa hizi nilizo nazo mfukoni, gari gani litanifikisha?

Kwangu mimi hiyo ndiyo sheria yenye akili kuliko zote zilizowahi kuandikwa kwa ajili ya Safari, na nasema hivyo ingawa riziki yangu imetoka kwenye sheria iliyoizika.

Kazi yangu ni kuchonga silinda. Nilijifunza Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wa gereji bado wanaiita Grogan, kwa fundi wa Kisikh tuliyemwita Sardarji. Injini iliyochoka hufunguliwa na silinda zake hupimwa, na kwa kuwa pistoni husugua ukuta upande mmoja kuliko mwingine, tundu lililokuwa duara hukutwa limekuwa na umbo la yai. Dawa yake ni kulipanua mpaka liwe duara tena, kisha kutia pistoni kubwa zaidi. Pistoni hizo huuzwa kwa hatua: nusu milimita, milimita moja, na kuendelea. Kwa mwenye teksi, habari imeishia hapo. Kwa mwenye gari la mashindano, hapo ndipo inapoanzia.

Mwaka 1957 Safari ilitambuliwa na FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, na heshima hiyo ilikuja na kitabu chake cha sheria. Wa Nairobi hawakuacha mambo yao mara moja. Mwaka 1958 madaraja yalipewa majina ya simba, chui na swalapala, na mshindi wa jumla hakutajwa. Lakini kitabu cha kimataifa hakiwezi kufuata bei. Bei hubadilika kwa nchi, kwa ushuru, hata kwa ulimi wa muuzaji. Ujazo wa injini haubadiliki ukivuka mpaka wa Namanga. Unachukua kipenyo cha silinda, mwendo wa pistoni kutoka chini hadi juu, na idadi ya silinda, unafanya hesabu ya mcheduara ambayo mtoto wa darasa la saba anaiweza, na gari limepata daraja lake.

Chukua Datsun 1600 SSS, aina ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mwaka 1970. Kipenyo ni milimita 83, mwendo wa pistoni milimita 73.7, silinda nne. Jibu ni sentimita za ujazo 1,595, na kikomo cha daraja ni 1,600. Sasa chonga nusu milimita, hatua ya kwanza kabisa ya pistoni za dukani. Injini inakuwa 1,614. Gari limevuka kikomo na kuingia daraja la hadi 2,000, likapambane na wakubwa, na nguvu lililoongeza ni kidogo mno hata dereva hataisikia mguuni. Ukitafuta kwa hesabu nafasi ambayo kiwanda kilimwachia fundi kabla ya kuvuka 1,600, utapata milimita 0.13. Nilipomwonyesha Sardarji hesabu hiyo, nimeiandika kwa penseli juu ya boksi la pistoni, alicheka.

“Ulidhani Mjapani alisahau?” akaniuliza. “Alipima mpaka mlangoni, mwanangu.”

Kwa hiyo mkaguzi wa Safari ni mtu wa sehemu za mia za milimita, ingawa watu walimwona kama mtu wa kukagua honi. Kabla ya mbio alikagua kweli honi, taa, breki na mikanda. Alitia rangi ya alama kwenye block ya injini, giaboksi na difu, au akavifunga kwa waya na lakiri ya risasi, ili kilichoondoka ndicho kirudi. Kazi yenyewe ilikuja mwishoni, baada ya maelfu ya kilomita za vumbi na matope ya Pasaka, wakati wengine wanapiga picha na maua shingoni. Gari lililoshinda lilipelekwa pembeni na silinda hedi ikafunguliwa.

Hapo haraka haina nafasi. Chuma cha moto kimetanuka: block ya Datsun ikiwa na joto la nyuzi 60 zaidi ya kawaida, kipenyo kile cha milimita 83 huongezeka takriban milimita 0.05, karibu nusu ya nafasi yote niliyoitaja. Lazima ipoe. Kisha masizi ya juu ya silinda yasafishwe, maana yanaficha chuma. Kisha upime sehemu ya juu kabisa ambayo ringi za pistoni hazifiki, kwa sababu hapo ndipo kipenyo cha kweli kinapobaki. Chini yake barabara imeshakula sehemu yake, na huwezi kumwadhibu mtu kwa kuchakaa. Nimewaona vijana wakipima katikati ya silinda na kutoa hukumu kwa sauti kubwa.

Kitabu cha FIA kina ubaya wake kikiangukia mikono ya mtu anayetafuta kosa. Mwaka 1966 huko Monte Carlo, Mini Cooper tatu zilimaliza katika nafasi tatu za kwanza, zikafunguliwa, zikachambuliwa, na injini hazikupatikana na kasoro ya kuwatosha wakaguzi. Zikaondolewa kwa sababu ya balbu za taa za mbele. Ushindi akapewa Pauli Toivonen na Citroën yake. Wafaransa waliona sheria imefuatwa. Sehemu kubwa ya dunia iliona jambo jingine. Nami nikisoma habari hiyo huwa nalinganisha na Safari ya mwaka mmoja kabla, ambapo Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ya mkono wa pili, iliyoachwa hapa na timu ya kiwanda baada ya mbio za 1964. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Alijua kila bolti ya gari lile, na barabara ilikuwa imekwisha kulikagua mara moja.

Kuanzia 1966 kitabu kilianza kuhesabu vilevile idadi ya magari yaliyotengenezwa: Kundi la 1 lilidai magari 5,000 katika miezi 12, Kundi la 2 magari 1,000. Nia ilikuwa ileile ya 1953, kwamba gari la mashindano liwe jamaa ya gari la dukani. Na kwa miaka kadhaa ilifanya kazi. Bert Shankland wa Tanzania alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, na Peugeot ikawa gari la abiria la kwenda mashambani kwa muda mrefu baadaye. Pijo ilijaa watu na mizigo juu, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Datsun za Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia kwetu, zilishinda mfululizo kutoka 1979 hadi 1982. Kwa sura lilikuwa gari la mwalimu wa sekondari. Ndani kulikuwa na habari nyingine, lakini angalau mwalimu alilitambua lilipopita.

Kisha likaja Kundi B, mwaka 1982, lililotaka magari 200 tu. Hapa ndipo hesabu ilipogeuka kuwa mchezo wenyewe. Turbo husukuma hewa ndani ya silinda, kwa hiyo injini ndogo hupumua kama kubwa; kitabu kikaamuru ujazo wa injini yenye turbo uzidishwe kwa 1.4. Toyota Celica iliyoshinda Safari mwaka 1984, 1985 na 1986 ilikuwa na injini ya 2,090. Zidisha: 2,926, chini kidogo ya kikomo cha 3,000. Peugeot 205 Turbo 16 ilikuwa na 1,775; zidisha, upate 2,485, chini ya 2,500. Hakuna mnunuzi duniani aliyewahi kuingia dukani akaomba injini ya 1,775. Namba hiyo haikutokana na barabara wala mafuta. Ilitokana na mtu aliyeanza na kikomo akarudi nyuma kwa kalamu, kwa kuwa uzito wa chini kabisa ulioruhusiwa ulikuwa kilo 890 katika daraja la hadi 2,500 na kilo 960 katika lile la hadi 3,000. Kilo 70 ni dereva mzima anayebaki nyumbani. Ni kazi nzuri, siikatai. Ila ni magari yaliyojengwa kwa ajili ya kitabu, na vifo vya mwaka 1986 barani Ulaya vilimaliza Kundi B.

Kundi A lililobaki lilirudi kwenye magari 5,000, baadaye 2,500, na kuhusu kuchonga likawa la huruma: kipenyo kiliweza kuongezwa hadi milimita 0.6, mradi gari lisivuke kikomo cha daraja lake. Fundi wa Datsun ya 1,595 huruma hiyo haimsaidii kitu.

Wakati huo ujazo ulikuwa umeacha kuwa kipimo cha kweli. Kwenye turbo, nguvu hutokana na hewa, kwa hiyo mkaguzi alihamia mlango wa hewa: kila turbo ifungwe pete ya kubana hewa, na mwaka 1995 tundu lake liliwekwa milimita 34. Mwaka huohuo, katika mbio za Catalunya, wakaguzi walikuta pete ya magari ya timu ya Toyota ikifanya ajabu. Ukilikaza bomba la hewa, pete ilisogea milimita chache na kuacha upenyo wa hewa kupita pembeni. Ukilifungua bomba ili upime, springi zilizofichwa ziliirudisha mahali pake na tundu lilikuwa 34 kamili. Kulikagua ndiko kulikoliponya. Max Mosley, rais wa FIA wakati huo, alikiri hadharani kwamba hajawahi kuona ujanja uliofikiriwa vizuri kiasi hicho, na timu ikafungiwa miezi 12. Yaliyogunduliwa yalikuwa ya Catalunya, si ya hapa, ambako Ian Duncan, Mkenya, alikuwa ameshinda kwa Celica mwaka mmoja kabla.

Safari iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002 na kurudi mwaka 2021, makao yakiwa Naivasha. Magari yanayoshindania nafasi za juu leo ni mirija ya chuma iliyovishwa sura ya Yaris au i20. Lakiri zipo kila mahali. Sina la kupima pale.

Lakini chini yao kuna ubingwa wa kitaifa na vijana wenye magari yao wenyewe, na kwao naona daraja la bei linaweza kurudi. Nikilisema hili gerejini jibu huwa moja: Mzee, risiti hudanganya, kipenyo hakidanganyi. Ni kweli, na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, waligundua hivyo zamani. Kwa gari la mtumba linaloshuka Mombasa hawaamini risiti ya Japani. Wana orodha yao ya bei ya rejareja kwa kila aina ya gari, ujazo wa injini ukiwa umeandikwa humohumo, nao hukata makato ya uchakavu kwa umri wa gari hadi miaka minane inayoruhusiwa. Fielder imo, Demio imo, Probox imo. Mwandaaji anahitaji tu kuchora mistari mitatu kwenye orodha hiyo apate madaraja manne. Sharti la pili, kwamba gari liwe jinsi lilivyouzwa, haliko kwenye orodha yoyote. Hilo itabidi silinda hedi ifunguliwe, injini iachwe ipoe, na mtu apime pale juu ambapo ringi hazifiki.