UZI: Ngano ya Mau Narok, ushuru wa Arusha na swali ambalo hatuulizi

1/ Kila msimu wa kampeni, huku kwetu Mau Narok tunasikia hotuba mbili. Mmoja anasema tufunge mipaka, bidhaa za majirani zinammaliza mkulima. Mwingine anasema tufungue, Afrika Mashariki ni moja. Wote wanapigiwa makofi, wakati mwingine na watu walewale. Sitaji mtu wala chama. Nataka tu turudi nyuma kwenye historia, kwa sababu ngano yetu imo ndani tangu mwanzo.

2/ Kwanza tuelewane. Umoja wa Forodha ni mambo mawili. Ndani: nchi wanachama hazitozani ushuru kwa bidhaa zao. Nje: zote zinatoza kiwango kimoja kwa bidhaa kutoka kwingine. Watu hubishana kuhusu la kwanza. Pesa nyingi ziko kwa la pili.

3/ Kenya na Uganda ziliunganisha forodha 1917, enzi ya mkoloni. Tanganyika ikaingia hatua kwa hatua, ikawa ndani kabisa 1927. Mwaka 1923 uliwekwa ushuru wa kulinda mazao kama ngano, siagi na mbao. Ya nani? Ya walowezi wa Kenya, wakiwemo wa hapa Njoro na Bonde la Ufa.

4/ Yaani mtu wa Mwanza au Jinja alinunua unga kwa bei ya juu ili mlowezi wa Njoro auze ngano yake. Tanganyika ikalalamika. Mwaka 1932 Sydney Armitage-Smith, aliyetumwa kutoka London kukagua fedha za Tanganyika, aliukosoa mpango huo. Malalamiko kwamba "Kenya inafaidi kuliko wengine" hayakuanza juzi.

5/ Baada ya uhuru lalamiko likabaki, sasa likawa la viwanda. Viwanda vingi vilikuwa Kenya. Mkataba wa 1967 uliunda Jumuiya na ukaruhusu nchi yenye viwanda vichache kutoza kodi maalum kwa baadhi ya bidhaa za mwenzake, ili nayo ipumue. Haikutosha. Siasa nazo zikachangia. 1977 Jumuiya ikavunjika.

6/ Wanaosema "tufunge mipaka" wasome hapo. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya 1977, ukafunguliwa 1983. Viwanda vyetu vilipoteza soko la Tanzania na njia ya malori kwenda Zambia. Mali ya Jumuiya iligawanywa kwa mkataba wa 1984. Kuvunja kulichukua miezi, kugawana vyombo miaka saba.

7/ Jaribio la pili: itifaki ya forodha ilisainiwa 2004, ikaanza Januari 2005. Safari hii walikuwa wamejifunza. Bidhaa za Uganda na Tanzania ziliingia Kenya bila ushuru mara moja, lakini baadhi ya bidhaa za Kenya ziliendelea kutozwa kule, ushuru ukipungua kila mwaka hadi 2010. Mkubwa alikubali kusubiri.

8/ Sasa rudi shambani. Katika ushuru wa pamoja wa nje, ngano kutoka nje ya Jumuiya imewekewa 35%. Ukisikia hivyo unadhani mkulima wa Mau Narok amekingwa. Lakini kwa miaka mingi kampuni za kusaga unga za Kenya zimekuwa zikiingiza ngano kwa 10%.

9/ Nani aliomba hiyo 10%? Si Uganda. Si Tanzania. Ni serikali yetu wenyewe, chini ya tawala tofauti. Kenya huomba, Baraza la Mawaziri wa Jumuiya linaidhinisha, inachapishwa kwenye gazeti rasmi la Jumuiya kule Arusha. Kikulacho ki nguoni mwako.

10/ Tuwe wa haki lakini. Kenya hula ngano nyingi kuliko inayolima, tena kwa mbali. Ukitoza 35% kwa yote, mkate unapanda bei Nakuru mjini na Kibera. Ndiyo maana kukawa na makubaliano: kampuni zinunue kwanza ngano ya hapa, ndipo zipate kuagiza kwa ushuru wa chini. Likifuatwa, mlaji na mkulima wote wanapona. Zikichelewa kununua, kombaini imeshapita, deni la mbolea linangoja, na mkulima anauzia broka kwa bei ya broka.

11/ Kwa hiyo ngano iliyolindwa 1923 kwa gharama ya jirani, leo inalegezewa ulinzi na mwenye nyumba. Mpaka wa Namanga au Busia hauhusiki sana hapo. Forodha siku zote ni uamuzi wa nani alindwe na nani alipe. Anayekwambia "fungua" au "funga" bila kutaja mlipaji, hajakwambia kitu.

12/ Wakija tena uwanjani, msiwaulize kama wanapenda Afrika Mashariki. Waulizeni hivi: mwaka ujao mtaomba ushuru wa ngano uwe asilimia ngapi, na kampuni isiponunua ya hapa kwanza, mtaifanya nini? Kisha nyamazeni, mngoje jibu. Mwisho wa uzi.