Mahame ya Rondo: Makazi, Idadi ya Watu na Nyumba za Udongo Kabla na Baada ya Operesheni Vijiji

Mtafiti wa makazi ya kale katika pwani ya kusini huvutwa kwanza na mawe. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na maandiko juu yake ni mengi. Uwanda wa juu wa Rondo, ulio kati ya mabonde ya Lukuledi na Mbwemkuru, hauna gofu la namna hiyo. Nyumba ya Wamwera ilisimamishwa kwa nguzo na fito, ikakandikwa udongo na kuezekwa nyasi. Ikiachwa, mchwa na mvua huimaliza katika miaka michache. Hubaki mwembe, makaburi, na pengine jina la mtu lililogeuka kuwa jina la mahali. Hayo ndiyo mahame, na kwa maoni yetu ni hazina ya historia sawa na ukuta wa matumbawe, ingawa serikali, tangu enzi ya ukoloni, zilizoea kuziita nyumba za aina hiyo “za muda”.

Takwimu za sensa hazitoshi kuyaonesha mahame hayo. Sensa ya 1967 ilifanyika wakati Lindi ingali sehemu ya Mkoa wa Mtwara; Mkoa wa Lindi uliundwa mwaka 1971. Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, itekelezwe kabla ya mwisho wa 1976. Sensa iliyofuata, ya 1978, iliwahesabu watu wakiwa wamekwisha kuhamishwa. Kwa hiyo kijiji kinachoonekana “kukua” kati ya sensa hizo mbili huenda hakikukua kwa uzazi hata kidogo: kilipokea watu wa mahame ya jirani. Anayelinganisha jedwali moja na jingine bila kuuliza watu walitoka wapi atapotoka.

Suala hili si la takwimu pekee. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kinathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa vijijini kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977. Mzee anayeweza kuonesha mwembe wa babu yake katika shamba ambalo wakati huo alipewa mtu mwingine ana ushahidi thabiti kwa mwanahistoria. Mbele ya baraza la ardhi, mwembe huohuo haumrudishii shamba.