Kutoka Hongo Hadi Sheria Moja: Njia ya Singida na Mapatano ya Arusha

Upande wa kusini wa Mkoa wa Singida, katika nchi ya Manyoni, umekuwa njia ya wasafiri tangu zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita Ugogo, kisha ikaingia Mgunda Mkali, nyika yenye uhaba wa maji. Katika Ugogo kila mtemi alitoza hongo yake, wala malipo ya mmoja hayakumzuia wa pili kudai. Zamani zile hongo lilikuwa jina la ushuru wa njia. Leo neno lilo hilo lina maana ya rushwa. Historia yake yadokeza jambo kubwa: palipo na wenye mamlaka wengi pasipo sheria moja, ushuru na unyang'anyi hukaribiana.

Reli ya kati, ipitayo Manyoni na Itigi hata Kigoma, ilipojengwa, shehena za Burundi zilipata njia mpya. Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka huko mwaka wa 1993, na serikali ilipopinduliwa Julai 1996, nchi za jirani zilikutana Arusha zikaifungia Burundi biashara. Vikwazo vilidumu hata Januari 1999. Uamuzi huo ulikuwa wa wakuu wa nchi. Bunge la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania lilikuwa limekufa pamoja na Jumuiya mwaka wa 1977, wala Burundi haikuwamo.

Mazungumzo ya amani yaliongozwa na Mwalimu Julius Nyerere mpaka alipofariki Oktoba 1999, kisha na Nelson Mandela. Mapatano yalitiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Mapigano hayakukoma siku hiyo. Hata hivyo uchaguzi wa 2005 uliipa Burundi bunge jipya, na tarehe 1 Julai 2007 nchi hiyo, pamoja na Rwanda, ikaingia katika Jumuiya iliyofufuliwa. Baadaye wajumbe 9 waliochaguliwa na bunge la Burundi waliketi katika Bunge la Afrika Mashariki, lililozinduliwa mwaka wa 2001 katika mji ule ule wa Arusha.

Matunda ya kikao hicho huonekana barabarani. Sheria ya Jumuiya ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka wa 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka wa 2019, yaweka kikomo cha tani 56 kwa lori la nchi yoyote mwanachama. Muhalala, wilayani Manyoni, palichaguliwa pawe na kituo cha pamoja cha ukaguzi, ili lori liendalo Bujumbura lisisimamishwe na kila idara mahali pake. Palipokuwa na madai mengi, sasa pana kipimo kimoja.

Limebaki jambo la lugha. Sheria hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, na mpima mizigo na dereva wa Burundi husemezana kwa Kiswahili. Mwaka wa 2021 wakuu wa Jumuiya walikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi. Kukubali si kutafsiri; na dereva asiyeweza kuisoma sheria hana budi kumsadiki anayemsomea, kama msafiri wa zamani alivyomsadiki mtoza hongo.