Daftari Lililomfanya Farasi wa Mbio

Farasi wa mbio aina ya thorobredi husifiwa kwa damu yake, na sifa hiyo huanzia kwa madume watatu walioletwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki na kaskazini mwa Afrika kati ya mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18: Byerley Turk, Godolphin Arabian, na Darley Arabian aliyenunuliwa Aleppo, Syria, na kufikishwa Yorkshire mwaka 1704. Kila thorobredi aliye hai, ukifuata upande wa baba, anarudi kwa mmoja wao. Walio wengi mno wanarudi kwa Darley Arabian kupitia Eclipse, aliyezaliwa mwaka 1764 jua lilipopatwa, akashinda mbio zote 18 alizokimbia. Hadithi ni tamu, ila inamsahau karani. Hakuna hata mmoja wa hao watatu aliyepata jina kwa kushinda katika viwanja vya Uingereza, na farasi wengi wengine wa Mashariki walioletwa zama hizo wamesahaulika. Aliyewageuza hao kuwa mababu rasmi ni James Weatherby, aliyechapisha daftari la nasaba mwaka 1791. Tangu hapo farasi akatambuliwa kwa baba na mama walioandikwa, na asiyekuwemo, hata akimbie kama upepo, si thorobredi.

Daftari lilihitajika kwa sababu mchezo wenyewe ulikuwa umebadilika. Zamani farasi waliokomaa walikimbia masafa ya maili nne, tena kwa kurudia mikondo siku hiyohiyo. Kisha zikaja mbio fupi za farasi wachanga: St Leger mwaka 1776, Oaks 1779, na Derby ya Epsom 1780, zote za wenye miaka 3. Umri ukawa jambo zito, kwa kuwa mwaka mmoja wa kukua ni nguvu nyingi. Mwaka 1844 aliyeshinda Derby alikuwa Running Rein, kumbe ni Maccabeus, farasi wa miaka 4 aliyebadilishwa jina. Mgogoro ulipofika mahakamani, jaji alitaka farasi aletwe akaguliwe meno, maana meno hutoa siri ya umri wake. Farasi hakuonekana, kesi ikafa, na ushindi akapewa farasi mwingine, Orlando.

Wapo watakaosema kamari ndiyo iliyoujenga mchezo huu, karani akafuata nyuma. Ni kweli kwamba dau ndilo lililovuta watu na fedha. Lakini anayeweka dau lazima ajue anamwekea nani, na bila maandishi kila mshindi angekuwa Running Rein. Hata uzito anaobeba farasi hutegemea kumbukumbu. Katika mbio za kusawazisha nguvu, aliyefanya vizuri huongezewa vipande vya risasi kwenye mifuko ya tandiko, na mpandaji hupimwa pamoja na tandiko lake kabla na baada ya mbio. Asipofikisha uzito aliopangiwa, ushindi unaweza kumponyoka akiwa juu ya mizani.

Pingamizi zito zaidi linatoka maabara. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba chembe ya urithi inayoleta kasi ya masafa mafupi yaelekea ilitoka kwa farasi jike wa Uingereza, wala si kwa madume wa Mashariki. Kwa hiyo daftari, lililotukuza akina baba, halikueleza kasi ilitoka wapi. Nakubali. Ila kosa hilo halikulipunguzia mamlaka: hadi leo mtoto aliyepatikana kwa kupandikiza mbegu haandikwi, wazazi lazima wakutanishwe ana kwa ana, na katika nchi za kaskazini mwa Ikweta thorobredi wote huhesabiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari. Anayezaliwa mwishoni mwa Desemba hutimiza mwaka baada ya siku chache tu, ndiyo maana wafugaji hupanga majike wazae mapema mwanzoni mwa mwaka. Basi msomaji, ukifika kiwanja cha Ngong, Nairobi, isome kwanza karatasi ya mbio: umri, baba, mama na uzito. Farasi utawatazama baadaye.